Kushona maleba ya densi kwa mkono wa mchoraji: tunachojifunza kutoka Ballets Russes

Kuna joho moja la jukwaani lililoshonwa kwa ajili ya baleti iliyochezwa Paris mwaka 1920, na kila nikiiona picha yake narudi kwenye meza ya kukatia. Limeshonwa kwa felti nyeupe, yaani sufu iliyoshindiliwa bila kufumwa. Juu yake kuna pembetatu za mahameli ya buluu nzito na mistari ya mahameli hiyo hiyo. Hakuna ushanga, hakuna zari, hakuna hata ua moja. Aliyelibuni ni mchoraji Henri Matisse, na lilivaliwa na waombolezaji katika Le Chant du Rossignol, baleti ya mfalme wa Uchina na ndege wake aimbaye. Likitundikwa ukutani ni kanzu pana yenye viraka. Mvalishe mtu anayeinama na kuinuka, viraka vile vikaanza kukunjika na kukunjuka, utaona nguo nzima inaomboleza pamoja naye.

Kundi lililoicheza baleti hiyo ni Ballets Russes la Mrusi Sergei Diaghilev. Lilifanya msimu wake wa kwanza Paris mwaka 1909, na likavunjika alipofariki Venice mwaka 1929. Katika miaka hiyo 20 Diaghilev alifanya jambo lililobadilisha macho ya watu: kazi ya kubuni maleba aliwapa wachoraji. Akina Léon Bakst, Nicholas Roerich, Natalia Goncharova, Mikhail Larionov, Picasso, Matisse na Giorgio de Chirico wote walipitia mikononi mwake. Leo maleba hayo yanatunzwa Victoria and Albert Museum ya London na katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya Australia, Canberra, kama kazi za sanaa ya nakshi zinazojitegemea.

Hapa tutashona joho moja kwa njia yao, kwa vitambaa na vifaa vinavyopatikana kwetu. Linafaa kikundi cha densi, shule, au igizo la kanisani. Shika jambo moja tangu mwanzo: nakshi ya maleba hukaa pale mwili unapokunjika, na hupimwa kwa macho ya mtu aliyekaa safu ya mwisho.

Vitu vya kuandaa

Kwa mtu mzima wa kimo cha wastani nunua mita 4 na nusu za kitambaa cheupe chenye upana wa sentimita 150, mita 1 na nusu ya mahameli ya buluu nzito, na marekani ya bei nafuu kiasi kile kile cha kitambaa cheupe, ya kushonea joho la majaribio. Ongeza magazeti ya zamani, chaki ya fundi, pini, mkasi wa nguo na mwingine wa karatasi, uzi wa rangi zote mbili, kopo dogo la rangi ya kuchapia fulana, sponji la kuoshea vyombo, na filamu moja ya eksirei iliyokwisha kutumika.

Kuhusu kitambaa cheupe, usihangaike kutafuta felti. Inapendeza kuikata kwa sababu haitoi nyuzi, na ukingo wa umbo hubaki mkali kama wa karatasi, lakini kwa joto la pwani mchezaji ataloa jasho kabla pazia halijafunguliwa. Chukua pamba nzito, mfano wa kaki nyeupe. Jiepushe na satini ya kung'aa hata muuzaji akikusifia vipi. Kitambaa kinachong'aa hurudisha mwanga wa taa machoni pa watazamaji, na umbo ulilolibandika juu yake humezwa.

Hatua ya 1: kaa uitazame densi

Usiguse penseli kwanza. Nenda kwenye mazoezi, kaa nyuma kabisa ya ukumbi, na uandike mambo matatu: mikono inafika wapi, mgongo unaonekana mara ngapi, na miguu inafanya nini sakafuni.

Angalia Bakst alivyofanya kwa baleti ya L'Après-midi d'un faune mwaka 1912. Nijinsky, mchezaji nyota wa kundi hilo, aliitunga densi ile bapa, wachezaji wakienda kwa ubavu kama michoro ya mitungi ya Kigiriki. Bakst akawavalisha wachezaji wa kike nguo za shashi zenye marinda membamba na nakshi iliyopakwa rangi, nguo zinazosomeka vizuri kwa ubavu. Densi ya kuzungukazunguka ingezivuruga. Kwa densi ile zilikuwa sawasawa.

Mfano wa kinyume upo pia, na ni wa mtu mkubwa. Katika baleti ya Parade, mwaka 1917, Picasso aliwabunia wahusika walioitwa mameneja maleba ya makaratasi magumu, marefu kama mita 3, yenye majengo mabegani. Ni sanamu za kustaajabisha, lakini aliyekuwa ndani hakuweza kucheza. Alibaki kukanyaga hatua nzito tu. Miaka minne baadaye Larionov alibuni maleba ya baleti ya Chout yaliyokakamazwa kwa fito, na wachezaji wakalalamikia uzito wake. Nawaheshimu wote wawili, ila kwangu nguo inayomfunga mchezaji haijamaliza kazi yake.

Hatua ya 2: chora mtu anayecheza

Tazama mchoro wowote wa maleba wa Bakst: mtu hasimami wima kama mdoli wa dukani. Ameruka, amejipinda, mtandio unapepea, kidole cha mguu kimechomoza. Bakst alikuwa akichora nguo ikiwa kazini, kisha pembeni ya karatasi anamwandikia fundi maelezo. Fanya hivyo hivyo. Chora mchezaji wako katika mikao mitatu uliyoiona mazoezini, hata kama mkono wako si wa mchoraji. Vijiti vitano na duara la kichwa vinatosha. Juu ya vijiti hivyo weka joho, kisha jiulize buluu ikae wapi na weupe ubaki wapi. Rangi mbili zinatosha kwa mara ya kwanza.

Ukimtafuta Bakst utakutana upesi na Schéhérazade, baleti ya mwaka 1910 iliyotoka kwenye Alfu Lela Ulela. Mandhari yake ni ya kijani na buluu ya tausi, na mbele yake machungwa na mekundu yanawaka. Kwa upangaji wa rangi sijaona kazi ya kuizidi, na tangu ilipochezwa wanawake wa Paris walitaka kuvaa suruali pana na vilemba. Lakini Mashariki ile ilikuwa ndoto ya Paris, na watumwa Weusi wamewekwa mle kama pambo la tamaa. Sisi wa pwani hii tunajua utumwa ulikuwa nini. Kwetu haukuwa hadithi ya usiku. Chukua rangi za Bakst, chukua mkato wake, na ndoto ile iache.

Hatua ya 3: joho la marekani, na kikwapa chake

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Kata joho kwa mistari iliyonyooka, kama kanzu: kipande cha mbele, cha nyuma, mikono miwili mipana, na kofia ya kushonewa shingoni. Urefu uishie juu ya kifundo cha mguu kwa vidole vinne, ili mchezaji asikanyage pindo. Upana wa chini usipungue sentimita 180 kuzunguka.

Joho la kwanza nililoshona halikuwa na kikwapa. Kwenye meza lilipendeza. Mchezaji alipoinua mikono yote miwili, nguo nzima ilipanda naye, pindo likafika magotini, na nakshi yote ya chini niliyoihangaikia siku mbili ikajikunja kiunoni. Tulikuwa na saa chache kabla ya onyesho, nikafumua kwapani kwa wembe na kutia vipande vya kitambaa kingine. Vilionekana.

Kikwapa ni kile kipande cha mraba ambacho washona kanzu wamekitia tangu zamani, na sababu yake ni hiyo hiyo: mkono uende juu bila kuivuta nguo. Kata mraba wa sentimita 14 kwa 14, ndani yake ikiwamo sentimita 1 ya mshono kila upande. Unapofunga mshono wa ubavu, uache wazi sentimita 12 za mwisho kabla ya kwapa. Mshono wa mkono nao uache wazi sentimita 12. Uwazi huo una kingo nne, na mraba una pande nne. Shona upande kwa upande, ukisimamisha sindano kwenye kila kona na kugeuza nguo. Usiunganishe kona mbili kwa mshono mmoja wa moja kwa moja, utapata mkunjo usiotoka hata kwa pasi.

Mvalishe mchezaji joho la marekani na umwambie acheze densi yote. Ainue mikono, achuchumae, ajiviringishe sakafuni kama densi inataka, abebwe kama anabebwa. Pale kitambaa kinapovuta, weka alama ya chaki. Pale kinapojikusanya, weka alama nyingine. Likiisha sawa, litunze kwa majaribio ya hatua ya 4, kisha ndipo ulifumue. Vipande vyake ndivyo kielelezo chako cha kukatia kitambaa cheupe.

Kwa kofia, jaribu mchezaji akiwa ameinama. Ikimwangukia machoni, punguza kina chake sentimita 2 mpaka aone sakafu.

Hatua ya 4: kata maumbo

Kabla ya kugusa mahameli, paka magazeti rangi nyeusi, yakikauka kata pembetatu. Anza na za kitako cha sentimita 18 na kimo cha sentimita 25, kisha kata chache kubwa zaidi na chache ndogo. Umbo lolote lenye upana chini ya sentimita 8 liache. Jukwaani litakuwa doa. Kata kwa mkasi mkononi bila kuchora mistari ya rula. Pembetatu ya rula hukaa kama alama ya barabarani. Iliyokatwa kwa mkono ina upande mmoja uliovimba kidogo na ncha isiyo kali sana, na mwili ukisogea inaonekana hai.

Mvalishe mchezaji joho la marekani kabla hujalifumua, ubandike magazeti kwa pini za usalama, kisha mwambie acheze. Wewe rudi nyuma hatua 20, upige picha kwa simu. Katika picha ile ndogo utaona yanayosomeka na yanayopotea.

Waombolezaji huinama, kwa hiyo watazamaji huuona mgongo kuliko kifua. Mgongo upewe pembetatu kubwa kuliko zote, ncha ikielekea chini, itanuke anapoinama. Kwenye kiwiko weka moja inayovuka kunjo, ili mkono ukikunjwa umbo livunjike vipande viwili na ukinyooshwa liungane. Ndivyo hivyo magotini. Kifua nakiachia weupe mwingi, kwa sababu uso uko hapo juu na unahitaji nafasi ya kuonekana. Wengine hupenda kujaza kote. Ukijaza kote, hakuna kinachosogea.

Anayeijua kanga ameshaielewa kanuni hii. Pindo linaizunguka, mji uko katikati, maumbo ni makubwa, rangi ni chache, na mtu aliye upande wa pili wa barabara ataitambua doti hiyo kabla hajasoma jina. Nakshi ya jukwaani inataka ushujaa huo huo wa ukubwa.

Ukiridhika, piga picha mbele, nyuma na ubavuni, weka namba kwenye kila gazeti na namba hiyo hiyo ya chaki kwenye marekani. Sasa ndiyo uigeukie mahameli, ila usiikate kabla hujasoma hatua ya 5.

Mahameli ina malaika, zile nywele ndogo zinazolala upande mmoja. Pitisha kiganja: upande mmoja ni laini, upande mwingine unakwaruza. Ukikata pembetatu moja ikiwa imeelekea juu na nyingine chini, chini ya taa utapata buluu mbili, moja nzito na moja iliyochujuka, na watu watadhani ulinunua maduka mawili. Geuza mahameli, upande wa nyuma chora kwa chaki mishale inayoelekea malaika wanakolala, na kila gazeti lichore mshale wake. Kwa jukwaa napenda malaika waelekee juu, kwa sababu hapo rangi huwa nzito zaidi na humeza mwanga.

Hatua ya 5: bandi kwanza, cherehani baadaye

Mahameli hutoa nyuzi, tofauti na felti. Kabla ya kukata, bandika nyuma yake kile kitambaa chembamba chenye gundi kinachowekwa kwenye kola za mashati. Mahameli ilale kifudifudi juu ya taulo nene, pasi ipite upande wa nyuma, bila kukandamiza. Pasi ikigusa uso wa mahameli, malaika watalala na alama ya pasi haitatoka.

Panga maumbo vipande vya joho vikiwa bado bapa mezani. Piga bandi, yaani mshono mrefu wa muda, kwa mkono kuzunguka kila umbo, sentimita 1 kutoka ukingoni. Pini pekee hazitoshi, mahameli hutambaa chini ya mguu wa cherehani na umbo lako litahama. Kisha shona kwa zigizaga ya karibu karibu, sindano namba 14, ukingo wa mahameli ukiwa katikati ya zigizaga. Maumbo yanayovuka mshono wa ubavu yaache mpaka ubavu ufungwe, uyamalizie kwa sindano ya mkono.

Funga joho, tia vikwapa, tia kofia. Shingoni tumia kulabu za chuma, si zipu. Kulabu ikikatika, mtu anaishona gizani nyuma ya pazia kwa dakika moja.

Hatua ya 6: pindo la stensili

Hapa tunamfuata Roerich. Kwa baleti ya The Rite of Spring ya tarehe 29 Mei 1913, Paris, aliwavalisha wachezaji kanzu za sufu zenye nakshi zilizopakwa rangi, nyingine kwa stensili, yaani kipande kilichotobolewa umbo ili rangi ipite kwenye tundu: mistari, duara na maumbo ya zamani ya Kirusi. Nijinsky aliwatungia densi ya kukanyaga ardhi, vidole vya miguu vikielekea ndani, na pindo lenye nakshi likalivuta jicho chini, kwenye nyayo zinazogonga.

Joho letu litakuwa na mstari mmoja wa nakshi, sentimita 6 juu ya pindo. Osha filamu ya eksirei kwa maji ya dawa ya madoa mpaka picha itoke na ibaki plastiki tupu. Chora umbo moja rahisi, mfano duara lenye tundu katikati, ulitoboe kwa wembe mpya. Usisahau kuacha vidaraja vya kushikilia sehemu ya katikati.

Kosa la wengi ni rangi nyingi. Chovya sponji, kisha ulidonoe kwenye kipande cha marekani mpaka liwe karibu kavu, ndipo udonoe kwenye joho. Rangi ikiwa nzito inakauka kama ganda, inapasuka kwenye mikunjo, na mchezaji akitembea utasikia mchakacho kama wa karatasi. Rangi nyembamba mara mbili ni bora kuliko nzito mara moja. Iache siku nzima, kisha ipige pasi kwa nyuma, pasi kavu yenye moto wa pamba, dakika tatu kila sehemu.

Hatua ya 7: ijaribu chini ya taa

Joho la mchana si joho la usiku. Mwanga mwekundu hulifanya buluu kuwa jeusi na jeupe kuwa jekundu. Mwanga wa buluu utaififisha tofauti yote uliyoitafuta. Kama huna taa za ukumbi, funika tochi ya simu kwa nailoni ya rangi ya kufungia zawadi, uimulike nguo gizani. Kama umbo linapotea, zungumza na mtu wa taa mapema. Kubadili taa ni rahisi kuliko kubandua mahameli.

Hatua ya 8: jasho na utunzaji

Joho lenye mahameli na rangi halifuliwi mara kwa mara, kwa hiyo jasho lizuie njiani. Shona vipande viwili vya pamba laini, umbo la nusu mwezi, uvifunge kwapani kwa ndani kwa vishikizo vidogo. Hivyo ndivyo vinavyobanduliwa na kufuliwa kila baada ya onyesho. Mchezaji avae fulana nyepesi ya pamba chini yake. Onyesho likiisha, geuza joho ndani nje, litundike kivulini penye upepo, kamwe lisikunjwe likiwa na unyevu.

Kwa kuhifadhi muda mrefu lilaze bapa ndani ya marekani iliyofuliwa bila bluu ya kufulia, ukijaza mikono na kofia kwa vitambaa ili mahameli isipate kunjo la kudumu.

Mwisho, andika jina la mchezaji ndani ya ukosi kwa wino usiofutika. Katika maleba mengi ya Ballets Russes yaliyobaki utakuta majina ya wavaaji yameandikwa ndani, wakati mwingine zaidi ya mmoja kwenye nguo moja, kwa sababu kundi lilisafiri na kubadilisha wachezaji. Akija mwingine kulivaa joho lako, usifute jina la kwanza. Andika la pili chini yake.